Kisubi wa Kakao na Sheria Isiyomtaja

Ua la kakao halioti kwenye ncha ya tawi, bali huchipuka moja kwa moja juu ya shina na matawi manene, likiwa dogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hufunguka alfajiri, na lisipopata chavua ndani ya siku moja au mbili hunyauka na kudondoka. Chavua ni unga laini unaotoka katika sehemu ya kiume ya ua, na kitendo cha kuufikisha katika sehemu ya kike, iwe ya ua lilelile au ya ua la mti mwingine, ndicho kinachoitwa uchavushaji, na pasipo kitendo hicho hakuna tunda. Katika mashamba ya Kamango, jimboni Kivu Kaskazini mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwenye sheferi ya Watalinga, yaani eneo la utawala wa kimila lililo kati ya mto Semliki na mpaka wa Uganda, kazi hiyo haifanywi na nyuki wa asali, kwa sababu chavua ya kakao imefichwa ndani ya petali zilizojikunja ambamo mwili wa nyuki hauwezi kupita. Anayepenya humo ni kisubi, mdudu mwenye urefu wa milimita 1 hadi 3, wa ukoo mmoja na visubi wanaowauma watu jioni kando ya maji. Hata hivyo kazi yake si ya uhakika, kwani kwa kawaida maua yasiyofikia 5 katika kila 100 ndiyo hugeuka kuwa matunda, na visubi wakipungua, idadi hiyo ndogo hupungua zaidi.

Jambo hili linafaa kutangulizwa kwa sababu mjadala wa kuwalinda wadudu kwa njia ya sheria, unaozidi kushika kasi duniani tangu Umoja wa Mataifa ulipoitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2018, umezoea kumweka nyuki wa asali mbele na kuwasahau wengine. Nyuki wa asali ana wateteaji kwa kuwa ana mwenyewe: kuna mtu aliyetundika mzinga, anayevuna asali na nta, na anayeweza kwenda kulalamika mizinga yake ikifa. Kisubi hana mwenyewe. Vivyo hivyo fukusi mdogo anayechavusha michikichi, nondo wa jioni anayezuru maua ya mipapai, na nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao ndio wachavushaji hodari wa marakuja. Sheria inayomlinda nyuki kwa sababu ya asali yake peke yake itawaacha hawa wote nje, ilhali katika Beni na Butembo, jimboni humohumo, wao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya uchumi wa mkulima.

Uzito wa uchumi huo hauhitaji kukisiwa. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa bayoanuwai, linalojulikana kwa kifupi cha IPBES, lilitoa mwaka 2016 tathmini iliyoonyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea, kwa kiasi kikubwa au kidogo, uchavushaji unaofanywa na wanyama, na kwamba mazao hayo hutoa takribani asilimia 35 ya ujazo wa mavuno yote. Kwenye nyanda za juu za Butembo na Lubero, ambako hulimwa kahawa aina ya arabika, hali si ya hatari sana, kwani ua la arabika linaweza kujichavusha lenyewe, ingawa ziara za nyuki huongeza mavuno. Kadiri barabara inavyoteremka kuelekea bonde la Semliki, mambo hubadilika: kahawa aina ya robusta haiwezi kujichavusha na hulazimika kupata chavua ya mti mwingine kupitia upepo na wadudu, maboga yana maua ya kiume na ya kike yaliyotengana, papai, ambalo utomvu wake umeuzwa kutoka Beni kwa miaka mingi kwa ajili ya kutengeneza kimeng'enya cha papaini, lina miti ya kiume na ya kike, na mawese hutokana na mchikichi, ambao fukusi wake ana historia inayostahili kusimuliwa.

Kwa muda mrefu mashamba makubwa ya michikichi ya Malaysia, ambako mti huo ulipelekwa kutoka Afrika bila wadudu wake, yalilipa vibarua wa kuchavusha maua kwa mkono, mpaka mwaka 1981 walipopelekwa huko fukusi kutoka Kameruni, na kazi ya vibarua hao ikaisha. Vanila, zao jingine la Beni, inasimulia habari hiyohiyo kwa upande wa pili: asili yake ni Meksiko, nyuki wanaoichavusha hawakusafiri nayo, na ndiyo maana kila ua la vanila katika Kivu Kaskazini hufunguliwa na kubanwa kwa vidole asubuhi ileile linapochanua, kwa mbinu iliyobuniwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12. Mkulima wa vanila anajua gharama ya kumkosa mdudu, kwani huilipa kila msimu kwa saa za kazi. Kakao nayo imeanza kufuata njia hiyo kwingineko, ambapo Bodi ya Kakao ya Ghana ilianzisha mwaka 2017 mpango wa kuajiri vijana wachavushe maua ya mikakao kwa mkono ili kuongeza mavuno.

Je, sheria za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zinasema nini juu ya viumbe hawa? Hakuna sheria moja yenye jina lao, na anayetaka kujua kinga yao hana budi kuikusanya kipandekipande. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 53, inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi yanayofaa kwa ustawi wake, na katika kifungu cha 55 inahesabu kuwa jinai kuingiza, kuhifadhi au kumwaga taka za sumu na bidhaa nyingine za hatari. Chini ya Katiba ipo Sheria Na. 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira, ambayo ni sheria mama, maana yake ni sheria inayoweka kanuni za jumla na kuziachia sheria na maagizo mengine kazi ya kufafanua. Humo ndimo ilimowekwa kanuni ya tahadhari, inayoelekeza kwamba upungufu wa uhakika wa kisayansi usiwe kisingizio cha kuchelewesha hatua pale madhara makubwa yanapohofiwa. Imo pia kanuni ya mchafuzi kulipa. Umo vilevile wajibu wa kufanya uchunguzi wa athari kwa mazingira na jamii kabla ya mradi wowote mkubwa kuanza. Ikafuata Sheria Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa maumbile, inayohusu spishi, makazi yake na maeneo ya hifadhi.

Sheria hizi zimeandikwa vizuri. Udhaifu wake uko kwenye macho yanayozisoma, yaliyozoea kuona wanyama wakubwa. Tangu sheria ya uwindaji ya mwaka 1982, ulinzi wa spishi nchini umeendeshwa kwa orodha za wanyama waliokatazwa kuuawa, na orodha hizo zimetawaliwa na sokwe, tembo, okapi na wenzao. Mdudu hawezi kulindwa kwa orodha, kwa sababu hakuna anayemwinda. Hufa kwa kukosa mahali pa kuzaliana au kwa kupuliziwa dawa iliyokusudiwa mdudu mwingine. Kwa hiyo sheria inayomfaa ni ile inayosimamia mahali na dawa, na swali la msingi ni kama sheria za aina hizo mbili zinafika Kamango.

Kuhusu mahali, Watalinga wamepakana na Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1979, yenye eneo la karibu kilomita za mraba 7,800. Hifadhi hiyo husimamiwa na taasisi ya taifa ya uhifadhi, ICCN, na ndani yake kukata miti, kulima na kuwasha moto kumekatazwa. Msitu ulio kando ya shamba ni makazi ya wachavushaji wa mwituni, wakiwemo nyuki wadogo wasiouma ambao hujenga kwenye matundu ya miti ya kale, na mti wa namna hiyo ukiangushwa kiota chake hakihamishiki. Ulinzi wa hifadhi kwa hiyo ni ulinzi wa wachavushaji, hata kama aliyeiandika sheria hakuwa na nia hiyo. Nje ya mpaka wa hifadhi, Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 inatambua haki za matumizi za jamii zinazotokana na mila, na agizo la mwaka 2014 linaziruhusu jamii kupewa misitu ya kijamii isiyozidi hekta 50,000, ambayo ni njia halali ya kubakiza msitu pasipo kumfukuza mwenye ardhi. Sheria Na. 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022, inayolinda haki za Wambilikimo wenyeji, nayo inahusika, kwa kuwa warina asali hodari wa misitu ya Beni na Ituri ni wao, na ujuzi wao wa miti yenye nyuki ni elimu ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyoiandika.

Lakini kisubi wa kakao hahitaji msitu wa mbali. Huhitaji uchafu wa karibu. Funza wake hukulia katika majani yaliyooza, maganda ya matunda ya kakao yaliyoachwa chini, na migomba iliyokatwa inayooza kwa unyevu. Mtafiti Mmarekani Allen Young alionyesha huko Kosta Rika, katika miaka ya 1980, kwamba vipande vya migomba vilivyotandazwa chini ya mikakao viliongeza wadudu hao. Kwa hiyo shamba linalofagiliwa likang'aa, ambalo wengi hulisifu kuwa shamba la mkulima hodari, linaweza kuwa na maua mengi na matunda machache. Jambo la kufurahisha ni kwamba mkulima anayechanganya migomba na kakao, kwa ajili ya kivuli na chakula cha nyumbani, anawafuga visubi bila kujua. Ni kweli kwamba maganda yaliyooza yanaweza pia kueneza ugonjwa wa kuoza kwa matunda, kwa hiyo yale yenye ugonjwa hayana budi kutengwa. Ushauri wa namna hii haufai kuwekwa katika vifungu vya sheria vyenye adhabu, bali ni kazi ya mabwana shamba, ambao ndio wanaokosekana.

Kuhusu dawa, hapo ndipo sheria ina nguvu ya pekee na ndipo ilipolegea zaidi. Viuatilifu, yaani kemikali za kuua wadudu, magugu na ukungu, hutumiwa na wakulima wa kakao hasa dhidi ya kunguni wa kakao wanaofyonza matunda machanga. Dawa nyingi za bei nafuu katika soko la Afrika ya Mashariki ni za kundi la pirethroidi, kama vile sipermethrini, ambazo ni miigo ya kiwandani ya sumu iliyomo katika ua la pareto, zao lililolimwa Kivu tangu zama za ukoloni. Sipermethrini huua nyuki inapomgusa, wala haichagui kati ya kunguni anayekula tunda na kisubi anayelitengeneza. Madhara yake hutegemea sana saa ya kupiga: dawa inayopigwa asubuhi, maua yakiwa yamefunguka na wadudu wakiwa kazini, huua zaidi kuliko ile inayopigwa jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Kanuni moja tu ya saa, isiyomgharimu mkulima hata faranga, ingeokoa wadudu wengi kuliko mikutano mingi.

Kongo ina kanuni za kudhibiti bidhaa hizi. Agizo Na. 05/162 la tarehe 18 Novemba 2005 linasimamia afya ya mimea, Sheria Na. 11/022 ya tarehe 24 Desemba 2011 inaweka misingi ya kilimo, na idara ya karantini ya wanyama na mimea pamoja na ofisi ya taifa ya udhibiti wa bidhaa, OCC, zina wajibu wao mipakani. Nchi pia ni mwanachama wa Mkataba wa Rotterdam wa mwaka 1998, unaodai kwamba kemikali fulani za hatari zisivuke mpaka hadi nchi inayopokea itoe ridhaa kwanza. Mkataba huo hata hivyo unafikiri juu ya meli, makontena na hati za forodha. Katika kivuko cha Nobili, kwenye mpaka wa Uganda, ambako kakao hutoka na bidhaa za madukani huingia, mara nyingi kwa pikipiki, chupa ya dawa hufika sokoni ikiwa na lebo ya Kiingereza katika nchi ambayo lugha yake rasmi ni Kifaransa na ambayo mkulima wake husoma Kiswahili akisoma. Lebo ndiyo sheria pekee inayomfikia mpigaji dawa akiwa shambani, na isipoeleweka, maonyo yake juu ya nyuki ni sawa na hayakuandikwa. Kudai kwamba kila kiuatilifu kinachouzwa Kivu Kaskazini kiwe na maelezo ya Kiswahili ni hatua ya kisheria rahisi, na ni ajabu kwamba haipewi uzito.

Mifano ya jirani inasaidia kwa kiasi. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002, inayoruhusu kutengwa kwa hifadhi za nyuki na kudhibiti uingizaji wa nyuki na mazao yao kutoka nje, kisha mwaka 2020 ikatunga Sheria ya Afya ya Mimea iliyounda mamlaka moja, TPHPA, ya kusimamia viuatilifu. Kuwepo kwa hifadhi za nyuki ni jambo kubwa, kwani hapo nyuki anakuwa sababu ya msitu kubaki badala ya kuwa nyongeza yake. Lakini sheria ya mwaka 2002 ni, kwa kiini chake, sheria ya uzalishaji wa asali na nta, na anayechavusha bila kutoa asali hana nafasi kubwa ndani yake. Umoja wa Ulaya ulikwenda njia nyingine, ya kushambulia dawa yenyewe: mwaka 2013 ulizuia, na mwaka 2018 ukapiga marufuku kabisa nje ya mabanda ya kilimo yaliyofungwa, dawa tatu za kundi la neonikotinoidi, ambazo ni imidaklopridi, klothianidini na thiametoksamu, baada ya ushahidi kwamba dawa hizo huingia ndani ya mmea mzima na kutokea katika chavua na mbochi, yaani maji matamu ya ua. Marufuku hiyo ilihusu matumizi ndani ya Ulaya, haikuwa katazo la kuziuza nje, na tofauti hiyo si ndogo kwa nchi zisizo na maabara za kupima kinachoingia.

Ulaya imetunga pia sheria nyingine inayoigusa Kamango moja kwa moja. Kanuni ya mwaka 2023 dhidi ya ukataji misitu inataka kakao, kahawa, mawese na bidhaa nyingine kadhaa zinazoingia katika soko lake zithibitishwe kuwa hazikutoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, na wakulima wadogo wana haki ya kulalamika kwamba mzigo wa kuthibitisha umewaangukia wao. Lakini katika mwaka kama 2024, ambapo bei ya kakao katika masoko ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani, tamaa ya kufyeka msitu inahitaji kizuizi kilicho na uzito wa fedha.

Ndani ya Kongo kwenyewe, mahali pa kufaa pa kutungia kanuni ya saa ya kupiga dawa au ya lebo ya Kiswahili ni jimbo, kwa kuwa Katiba inagawa jukumu la mazingira kati ya taifa na majimbo, na bunge la jimbo lina uwezo wa kupitisha sheria zake. Tatizo ni kwamba Kivu Kaskazini iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi wa dharura tarehe 6 Mei 2021, kwa sababu ya vita ambavyo Kamango inavijua kuliko wengi, ikiwa ni pamoja na shambulio la waasi wa ADF la Julai 2013 lililowafanya makumi ya maelfu ya watu kukimbilia Bundibugyo, nchini Uganda. Na utawala huo ulisimamisha shughuli za bunge la jimbo. Baada ya waasi wa M23 kuiteka Goma, makao makuu ya jimbo, Januari 2025, ofisi za serikali ya jimbo zilihamia Beni, karibu zaidi na mashamba ya kakao, lakini bila bunge. Gavana wa kijeshi anaweza kutoa amri, na amri fupi kuhusu viuatilifu isingekuwa nje ya mamlaka yake, ingawa mtu hawezi kushangaa kwamba katika meza yake visubi hawako juu ya orodha.

Kwa sasa, kanuni yenye makali zaidi juu ya dawa katika mashamba hayo haikutungwa na bunge lolote la Kongo. Sehemu ya kakao ya Beni huuzwa nje ikiwa na cheti cha kilimo-hai, ambacho humkataza mkulima kutumia dawa za kiwandani, huruhusu wakaguzi kuingia shambani, na humwadhibu anayekiuka kwa kumnyima nyongeza ya bei. Hiyo ni kinga ya kweli kwa wachavushaji, na imefanikiwa pale ambapo vifungu vya Kinshasa havijafika, kwa sababu inalipa. Lakini inamhusu mkulima aliyeandikishwa na mnunuzi peke yake. Kakao inayovushwa Nobili kwa magendo haina cheti, na jirani asiyeandikishwa anaweza kupiga dawa yake asubuhi ileile ambayo visubi wanahama kutoka shamba moja kwenda jingine. Kuziba pengo hilo kunahitaji kanuni inayomfunga kila mwenye pampu ya dawa, awe na mnunuzi au asiwe naye, na kwa hali ilivyo ya bunge la jimbo, wanaoweza kuianza ni mwami wa Watalinga, yaani mtawala wao wa kimila, vyama vya ushirika vya wakulima na wakuu wa vijiji, kwa makubaliano ya saa za kupiga dawa yanayosomwa hadharani msimu wa maua unapokaribia.